Nyumba za msaada vijijini: kwa nini wenyewe wanazihama?

#1 Mchanga Mweupe (mleta uzi)
Wakuu, salaam.

Niko kwenye kikundi kidogo cha kujitolea kinachojengea nyumba kaya maskini vijijini. Awamu ya kwanza tulimaliza nyumba 11: tofali za saruji, bati, sakafu ya saruji, vyumba viwili na sebule. Tukakabidhi funguo, tukapiga picha, tukaondoka.

Wiki iliyopita, miaka mitatu baadaye, nimerudi kukagua kabla ya awamu ya pili. Nyumba 4 zinakaliwa kama tulivyokusudia. 3 zimekuwa ghala la mazao. 2 zina mbuzi. Moja kapangishwa mtu mwingine, mwenyewe karudi kwenye kibanda chake cha zamani, hatua kama ishirini nyuma yake. Ya mwisho imeezuliwa bati zote na kila niliyemuuliza anatazama pembeni.

Wenzangu kwenye kikundi wanasema hawa watu hawajui thamani ya kitu. Mimi siamini, ila sina jibu la kuwapa. Tulikosea wapi? Mvua zikiisha tunaanza tena.

#2 Timazi
Wenzako wamewahi mno kuhukumu. Mimi ni mwashi, mwaka wa 19 sasa. Kabla hujamlaumu mtu, ingia kwenye nyumba mojawapo saa nane mchana, funga mlango, ukae dakika kumi. Bati tupu bila dari, tofali za saruji, dirisha kama la duka la vocha. Hilo ni tanuri. Hata hao mbuzi nina uhakika wanaingia jioni tu.

#3 Napita Tu
Naweka kambi hapa.

#4 Hesabu Kali
Nitasema lile ambalo wengi hawapendi kulisikia: cha bure hakina mwenyewe.

Millard na Linda Fuller walipoanzisha shirika la nyumba la Habitat for Humanity mwaka 1976 hawakugawa nyumba. Familia ilitoa saa zake za kazi kwenye ujenzi, halafu ikalipa mkopo usio na faida kidogo kidogo, na marejesho hayo yakasaidia kujenga ya mwingine. Kabla ya hapo, tangu 1973, walikuwa Mbandaka, Kongo ya enzi za Zaire, wakijenga kwa mtindo huohuo. Mtu aliyebeba tofali kwa mabega yake miezi mitatu hafugi mbuzi sebuleni.

#5 Shangazi wa Wote
Hesabu Kali mwanangu, nani huyo mwenye miezi mitatu ya kubeba tofali? Mjane anayelima kibarua asubuhi ili watoto wale jioni, ukimwambia akupe siku za nguvu kazi umemnyima nyumba kwa adabu. Atakayeweza hayo masharti ni yule aliye na kijana mkubwa nyumbani, yaani maskini mwenye nafuu. Yule wa mwisho kabisa anabaki palepale.

Mleta uzi, nina swali moja tu. Jiko mliliweka wapi?

#6 Mchanga Mweupe
Shangazi shikamoo. Ramani ilikuwa na jiko ndani, mita mbili kwa mbili, kona ya sebule, na kidirisha kimoja.

#7 Shangazi wa Wote
Marahaba. Nilijua tu.

Watu wanapikia kuni, wewe umewawekea jiko la mtu anayepikia gesi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, na watoto wadogo ni wengi humo. Mama akiwasha moto kwenye kona ile siku mbili, siku ya tatu anarudi kupikia kibandani. Akishapikia kibandani, watoto wanakula kibandani. Wakila hapo wanalala hapohapo. Nyumba yako inabaki ya kuwekea magunia, maana ina kufuli na panya hawapiti. Mimi nisingeiita kushindwa. Amepata ghala zuri alilolihitaji pengine kuliko chumba.

Uliza mwanamke ndipo uchore. Yasmeen Lari wa Pakistan, yule mama msanifu majengo, alipoanza kuwajengea waliofurikiwa na maji alikuja na jiko la udongo na chokaa lililoinuliwa kutoka chini, lenye bomba la moshi, na wanawake wenyewe ndio wanaolijenga. Jiko hilo lilipata Tuzo ya Makazi ya Dunia mwaka 2018.

#8 Napita Tu
Shangazi kaupiga mwingi.

#9 Mpiga Lipu
Narudi kwa Timazi, suala la joto. Msanifu majengo Francis Kéré alipojenga shule ya kijijini kwao Gando, Burkina Faso, ikakamilika 2001, aliweka dari ya udongo, kisha bati akaliinua juu yake kwa fremu ya nondo, pakabaki nafasi ya upepo kupita katikati. Bati linachomwa na jua, joto linaondoka na upepo kabla halijafika chini. Wanakijiji ndio walioshindilia sakafu na kubeba mawe. Mwaka 2022 akapewa tuzo ya Pritzker, ile kubwa ya wasanifu majengo. Kwa nini nyumba za maskini zisiezekwe hivyo?

#10 Timazi
Mpiga Lipu, ile ni shule, haina familia ya watu saba yenye mfuko uliotoboka. Paa mbili ni gharama mbili. Ila wazo la msingi ni sahihi na lina toleo la bei chee: inua ukuta kozi mbili (mistari miwili ya tofali) zaidi, acha matundu ya hewa juu kabisa pande mbili zinazotazamana, weka dari hata ya mkeka au fito zilizokandikwa. Matundu yawekewe wavu. Kuna utafiti wa Gambia uliochapishwa 2009: nyumba zilizowekewa wavu milangoni na madirishani, au dari ya wavu tu, upungufu wa damu kwa watoto wake ulikuwa chini kwa karibu nusu ukilinganisha na zisizo na kitu. Dari inayokukinga joto, ukiiziba vizuri, inamzuia na mbu.

Na upenu mrefu. Upenu wa sentimita 60 na kuendelea unaokoa ukuta wowote wa udongo.

#11 Nondo16
Hapo kwenye upenu mrefu naomba kutofautiana na fundi mkubwa. Inategemea upepo. Maeneo ya vimbunga upenu mrefu ndio mkono ambao upepo unaushika kung'oa paa zima. Kule wanashauri upenu mfupi, paa la pande nne badala ya pande mbili, mwinuko wa nyuzi kama 30, na veranda iwe na paa lake pekee. Upepo ukija uchukue veranda, uache nyumba.

Na kenchi (mbao zinazobeba paa) zifungwe kwa mkanda wa chuma mpaka kwenye zege la juu ya ukuta. Nimeona paa kenchi zake zimepigiliwa msumari mmoja mmoja wa kuelekea chini. Huo msumari unazuia paa lisianguke, kumbe kazi yenyewe ni kulizuia lisiruke.

#12 Timazi
Nakubali kwa pwani ya vimbunga. Bara nabaki na upenu wangu.

#13 Fito
Tatizo lilianza kwenye tofali za saruji, mengine yote ni matawi. Udongo uko bure chini ya miguu yao, nyie mnaleta saruji kwa lori kilomita mia. Ukuta ukipasuka nani anaurekebisha? Nyumba ya udongo mwenyewe anaikandika kila mwaka na watoto wake, hahitaji kumpigia mtu simu. Nyumba asiyoweza kuitengeneza si yake, hata akiwa na funguo.

#14 Bibi Saruji
Fito, usituuzie mashairi. Bam, Iran, tarehe 26 Desemba 2003: mji wa udongo ulianguka alfajiri watu wamelala, wakafa zaidi ya 26,000. Tofali la udongo likianguka linageuka vumbi, hakuna hata uwazi wa kupumulia. Mimi nimelala kwenye nyumba ya fito na udongo utoto wangu wote. Mchwa, panya, ukuta unaachia kila masika. Waliokulia humo ndio wanaoota saruji, na wanaosifia udongo wengi wana nyumba za saruji.

#15 Fito
Na Haiti 12 Januari 2010? Zilikuwa tofali za saruji na slabu za zege. Tofali dhaifu, nondo za kubahatisha, paa zito juu. Saruji iliua huko kama udongo ulivyoua Bam.

(Nyumba ninayoishi ni ya udongo, dada. Karibu.)

#16 Nondo16
Nyote wawili mnabishania rangi ya shati, mgonjwa anavuja damu. Kinachoua kwenye tetemeko ni kuta zisizoshikana zenye paa zito juu. Iwe udongo, mawe au tofali: mkanda mmoja usawa wa msingi, mwingine usawa wa linta (juu ya milango na madirisha), uzunguke nyumba nzima bila kukatika. Mkanda unaweza kuwa zege na nondo, mbao mbili zilizounganishwa kama ngazi, hata mianzi. Milango na madirisha visisogee kwenye kona. Ukuta mrefu ukatwe na ukuta wa kati au nguzo. Paa liwe jepesi. Familia maskini ikiwa na fedha za kitu kimoja tu cha ziada, ipewe mkanda wa linta kabla ya lipu. Shida ni kwamba lipu inaonekana kwenye picha ya makabidhiano, mkanda hauonekani.

#17 Mpiga Lipu
Hapo kwa lipu nimeguswa binafsi.

Lakini Fito, jambo moja. Hassan Fathy, msanifu majengo wa Misri, alijenga kijiji kizima cha udongo, Gourna Mpya, katikati ya miaka ya 1940. Kuba na matao, baridi mchana, kizuri hasa. Watu waliokusudiwa wakagoma kuhamia. Kwa hiyo udongo peke yake haukaribishi mtu.

#18 Kokoto
Walikuwa na sababu zao, Mpiga Lipu. Walikuwa wakiishi juu ya makaburi ya kale ya Thebes na riziki yao ilitoka hapohapo, halali na isiyo halali. Kuwahamisha kulikuwa kuwakata mkono. Nyumba nzuri mbali na riziki ni hoteli.

Mleta uzi, hizo zilizoachwa ziko umbali gani na mashamba?

#19 Mchanga Mweupe
Karibu zote ziko palepale kwenye viwanja vyao. Kasoro zile mbili za mbuzi: tulizisogeza karibu na barabara ili lori lifike kushusha mchanga.

#20 Kokoto
Ili lori lifike! Basi mmejenga nyumba ya lori.

#21 Napita Tu
Nimecheka peke yangu kwenye foleni, watu wananiangalia.

#22 Kokoto
Niongeze kisa kinachofanana na ubishi wa Fito na Bibi Saruji. Pakistan, tetemeko la 8 Oktoba 2005, zaidi ya watu 73,000 walikufa. Serikali ikaamua kila familia ijenge yenyewe, fedha zikatolewa kwa awamu: msingi ukikaguliwa unapata sehemu, ukuta ukikaguliwa unapata nyingine. Mwanzoni viwango vilivyokubalika vilikuwa vya tofali na zege. Kule milimani lori haliendi, saruji inabebwa mgongoni. Wenyeji wakatazama nyumba zilizobaki zimesimama, wakaona nyingi ni za mtindo wa kale unaoitwa dhajji: fremu ya mbao iliyogawanywa vipande vidogo, katikati mawe na udongo. Wakaanza kujenga hizo bila kuomba ruhusa. Wataalamu wakazisemea, baadaye serikali ikazikubali kwenye mpango wa ruzuku. Maskini walifundisha kanuni za ujenzi safari hiyo.

#23 Hesabu Kali
Kokoto umenisaidia bila kujua. Ona pale: fedha kwa awamu, ukaguzi, familia inajenga yenyewe. Hakuna aliyekabidhiwa funguo. Ndiyo hoja yangu ya #4.

#24 Shangazi wa Wote
Hapana, si yako. Wale walipewa fedha. Wewe ulitaka watoe.

#25 Kijana wa Kesho
Wazee mnahangaika na udongo wakati dunia inachapa nyumba kwa mashine inayomimina zege tabaka juu ya tabaka! Mwaka 2019 Mexico, jimbo la Tabasco, shirika la New Story na kampuni ya ICON walianza kuchapa nyumba kwa ajili ya familia maskini za kijijini. Kuta za nyumba nzima zinatoka ndani ya siku moja au mbili za kazi. Mleta uzi tafuta hiyo mashine, awamu ya pili unamaliza wiki moja.

#26 Timazi
Mashine ya upana wa mita kumi, inayotaka umeme usiokatika na barabara ya kuifikisha. Mchanga Mweupe kahangaika na lori la mchanga tu hapo juu. Kijana, nyumba si ukuta. Ukuta ni sehemu rahisi kuliko zote! Msingi, paa, milango, choo, maji: hivyo vinachapwa na nani?

#27 Kokoto
Kijana hakumaliza hadithi. Mshirika wa tatu kwenye mradi ule ni Échale, watu wa Mexico kwenyewe. Na kazi yao ya miaka mingi ni kufundisha vijiji kufyatua tofali za udongo ulioshindiliwa na kujijengea. Yaani waliokuwa wanamshikia mchapaji mwavuli ndio waliojenga nyumba nyingi kuliko yeye.

#28 Kijana wa Kesho
Sawa wazee. Narudi chini taratibu.

#29 Fito
Kwa kuwa tofali za kushindilia zimetajwa, niweke kitu cha vitendo, maana ubishi hausimamishi ukuta. Mashine ya mkono ya kwanza iliyoenea, CINVA-Ram, ilibuniwa na Raúl Ramírez huko Bogotá, Kolombia, miaka ya 1950. Mpini mrefu, mtu mmoja anavuta, tofali linatoka. Hakuna kuchoma, kwa hiyo hakuna kukata miti. Saruji kidogo tu.

Kidogo kiasi gani? Hapo wengi wanabahatisha. Tengeneza kisanduku cha mbao cha urefu wa sentimita 60, upana 4, kina 4. Paka mafuta ndani. Chota udongo wa chini, wa juu wenye mizizi uache, uloweshe, ujaze, uanike kivulini mpaka ukauke. Usukumie upande mmoja upime pengo. Usipofika milimita 12, sehemu 1 ya saruji kwa 18 za udongo inatosha. Pengo likikua, ongeza saruji mpaka 1 kwa 12. Likizidi sentimita 5, udongo huo una mfinyanzi mwingi, changanya mchanga kwanza. Kazi ya mtoto wa darasa la tano, na inaokoa mifuko kadhaa kwa nyumba.

#30 Timazi
Nakazia, na naongeza kinachosahaulika: tofali hizo zifunikwe na kumwagiwa maji angalau siku 7. Mafundi tunakimbia hapo. Ukikuta tofali limeanikwa juani siku hiyohiyo lililofyatuliwa, ujue saruji yako imekufa kabla haijazaliwa.

Nikiri na jingine. Nimewahi kufanya kazi kwenye mradi mmoja wa nyumba za msaada, mfuko wa saruji uliotakiwa kutoa tofali 30 tulikuwa tunatoa 50 kwa amri ya msimamizi. Nilikuwa kijana, nilikuwa na njaa, nikanyamaza. Ukiligusa tofali lile kwa kidole cha gumba linamomonyoka. Mleta uzi, nenda na msumari ukakwangue zile kuta zako. Huenda wenye nyumba wameshakwangua zamani, ndiyo maana hawalali humo.

#31 Bibi Saruji
Mungu akusamehe fundi. Sisi tunaokaa ndani tunajua, huwa hatusemi tu. Unamwambiaje mfadhili kwamba zawadi yake inamwagika?

#32 Mwana wa Kijiwe
Mbona hakuna aliyegusa ardhi? Kiwanja ni cha nani? Mtu asiye na uhakika na ardhi haweki moyo kwenye nyumba. Kuna mfano wa pembezoni mwa Buenos Aires: watu walivamia eneo mwaka 1981. Baadaye serikali ikaamua kuwafidia wamiliki wa awali. Baadhi wakakubali, baadhi wakaenda mahakamani. Basi majirani wa eneo lilelile, hali ileile, wengine wakapata hati na wengine hawakupata. Watafiti walipowapima miaka kadhaa baadaye, wenye hati walikuwa wameboresha kuta na paa zao waziwazi kuliko wenzao. Ila benki hazikuwakimbilia na mikopo kama watu wanavyohubiri. Hati iliwapa usingizi, fedha haikuwapa.

#33 Shangazi wa Wote
Na kwenye hiyo hati liandikwe na jina la mke. Nyumba ikiwa ya mume peke yake, akifa leo, kesho ndugu wamekuja na kufuli lao. Huyo aliyerudi kibandani na kupangisha nyumba, mwulize kama ni mwanamke na kama kibanda ndicho anachokijua kuwa ni chake.

#34 Mchanga Mweupe
Ni mwanamke. Sikumuuliza hilo.

#35 Hesabu Kali
Au anataka tu kodi, jamani. Kupata kipato cha kila mwezi kwa mtu asiye na kipato, hiyo ni akili. Kuna haja gani ya kutafuta huzuni kila mahali?

Na nitetee tena hesabu. Rural Studio, programu ya wanafunzi wa usanifu majengo ya Chuo Kikuu cha Auburn, Marekani, iliyoanza 1993 kwenye kaunti maskini ya Hale, Alabama, ilianza na majaribio ya kila namna, mpaka nyumba yenye ukuta wa vipande vya mazulia vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Kuanzia 2005 wakajiuliza swali la kihasibu: mtu anayeishi kwa posho ndogo ya kudumu anaweza kulipa kiasi gani kwa mwezi? Jibu likawapa dola 20,000 kwa nyumba nzima, vifaa na ufundi, wakaanza kuchora kurudi nyuma kutoka kwenye namba hiyo. Kila mwaka wanarekebisha. Ndivyo inavyotakiwa: anza na uwezo wake, usianze na ramani yako.

#36 Mpiga Lipu
Mazulia? Na mimi mnanicheka na lipu yangu.

#37 Mwana wa Kijiwe
Hesabu Kali, kumbuka nao walikuta kujenga kwa bei hiyo ni nusu ya safari. Mkopo mdogo namna ile benki haiutaki, maana makaratasi yake ni yaleyale ya mkopo mkubwa.

#38 Msomaji Kimya
Nasoma huku miaka mingi, sijawahi kuchangia. Nataka kusema kuhusu ile nyumba iliyoezuliwa.

Tukiwa wadogo baba alikuwa na nyumba ya bati, ya kwanza kwetu kuwa nayo. Nilipougua sana aliezua bati nane za upande wa sebule, akauza, nikatibiwa. Tukakaa na nusu paa karibu mwaka mzima. Mvua ikinyesha tunahamia upande wa pili. Watu walisema ni mlevi, kauza paa. Baba hakuwahi kunywa.

Kwa maskini bati ni akiba. Ni kitu pekee ndani ya nyumba kinachoweza kugeuka fedha kwa siku moja. Udongo hauuziki, sakafu haiuziki. Hao wanaotazama pembeni huenda wanajua bati limekwenda wapi, wanamsitiri mwenzao.

#39 Shangazi wa Wote
Asante mwanangu kwa kuandika.

#40 Bibi Saruji
Inaumiza. Lakini tuseme na upande wa pili: bati zinaibwa pia. Nyumba ikiachwa tupu mwezi mmoja vijana wanaimaliza. Mleta uzi hajui ipi ni ipi.

#41 Nondo16
Kama bati ni akiba, basi ubovu wa bati ni wizi wa akiba. Tafadhali angalieni geji, ile namba ya unene wa bati. Namba ikikua bati linakuwa jembamba, wengi wanadhani kinyume. Geji 32 mtu akiifumua mara moja misumari imeshaichana, hata kuuza haiuziki.

#42 Kokoto
Tumesahau sakafu, na pengine ndilo jambo la maana kuliko yote hapa. Mexico tena: mpango wa Piso Firme ulioanza jimbo la Coahuila mwaka 2000. Serikali haikujenga nyumba. Ilimwaga sakafu ya saruji tu kwenye nyumba za watu zilizokuwa na sakafu ya vumbi, familia ikiondoa vyombo na kusaidia. Watafiti wakakuta kwamba nyumba ikibadilishwa sakafu yote, minyoo na vijidudu vya tumbo kwa watoto hupungua kwa asilimia 78, kuhara asilimia 49, upungufu wa damu asilimia 81. Sakafu tu!

Sasa jiulize, kwa fedha za nyumba 11 ungemwaga sakafu ngapi?

#43 Fito
Na si lazima iwe saruji. Rwanda kuna watu wa EarthEnable, wanashindilia changarawe na udongo, juu wanapaka mafuta ya mbegu yanayokauka yakawa kama ngozi ngumu. Inaoshwa kwa maji. Gharama ni sehemu ndogo ya saruji.

#44 Hesabu Kali
Sakafu 200, huku paa linavuja juu yake? Kokoto unagawa viraka.

#45 Kokoto
Ndiyo, nagawa viraka. Maskini wengi duniani wanajenga hivyohivyo: mwaka huu msingi, mwaka kesho kuta, paa Mungu akijalia. Mwingereza mmoja, John Turner, aliyefanya kazi Peru tangu 1957, alianza kwa kusimamia miradi kama ya mleta uzi. Akaishia kusema watu waachiwe maamuzi ya nyumba zao, wasaidiwe kwenye yale wasiyoyaweza peke yao: ardhi, maji, vifaa. Sisi tunaoleta nyumba nzima ndio wageni kwenye huo mwendo wao.

#46 Bibi Saruji
"Waachiwe" ni neno tamu kwa serikali isiyotaka kufanya kazi. Mimi niliachiwa utoto mzima.

#47 Timazi
Hilo nalo neno.

#48 Mchanga Mweupe
Wakuu, nimesoma yote, na leo nimepiga simu kijijini kwa muda mrefu.

Mmoja wa wenye ghala anasema ni moshi, Shangazi umeshinda hapo. Wa pili anasema nyumba ni nzuri ila anaogopa kuichafua, anaitunzia mgeni. Hili hakuna aliyelitaja humu. Wa tatu kasema "nitahamia" kwa sauti ya mtu asiyehamia.

Wa mbuzi: mmoja anasema kule barabarani usiku kuna vurugu, na akiwa huko hawezi kulisikia nguruwe pori likiingia shambani. Mwingine kakata simu.

Mama mpangishaji kacheka tu. Akaniuliza kama awamu ya pili naweza kumjengea nyingine ya kupangisha. Hesabu Kali, mpe mkono.

Ile ya bati sikuuliza. Baada ya #38 nimeona niende mwenyewe, nikae, nisubiri kuambiwa.

Kikundi kinagawanyika. Wawili wanataka sakafu na dari kwenye nyumba za watu zilizopo. Wawili wanataka nyumba chache, zenye mkanda wa linta, jiko la nje na jina la mke. Mwenyekiti anataka nyumba 11 kama mwanzo, maana wafadhili wameahidiwa nyumba, na sakafu haipigwi picha.

#49 Nondo16
Sakafu inapigwa picha. Muweke mtoto anatambaa juu yake.

#50 Hesabu Kali
Huyo mama anahitaji kuwa mweka hazina wenu.

#51 Timazi
Msumari ulikwangua?

#52 Mchanga Mweupe
Nimemwomba kijana mmoja akakwangue nyumba tatu. Mbili ngumu. Moja kasema alijaza kiganja.

#53 Timazi
Ipi? Iliyo na watu au isiyo na watu?

#54 Mchanga Mweupe
Yenye watu.

#55 Nondo16
Basi hiyo ndiyo inaanza, kabla ya awamu yoyote. Nitumie vipimo vya kuta na nafasi za milango, nitachora namna ya kuufunga ule ukuta kwa wavu wa chuma na lipu. Bure.

#56 Mpiga Lipu
LIPU. Mmesikia? Mimi naja na mwiko wangu.

#57 Napita Tu
Bila picha uzi haujakamilika.

#58 Mchanga Mweupe
Nondo16 nakutumia vipimo leo usiku. Napita Tu, picha utapata tukishafunga ukuta. Mpiga Lipu, nauli ni juu yako.